Simu Isiyo Yake Peke Yake: Huduma za Kidijitali kwa Vijana wa LGBTQ

Ndugu washauri nasaha, wauguzi, wajenzi wa programu, nanyi wazazi mliokubali mwaliko huu, hamjambo.

Kila tunapozungumzia teknolojia na ustawi wa vijana wa LGBTQ, yaani wasagaji, mashoga, wapenda jinsia zote mbili, waliobadili jinsia na wengine wa jamii hiyo, swali la kwanza huwa ni programu gani itengenezwe. Naomba leo tuanze na simu itakayoibeba programu hiyo. Katika nyumba nyingi za Kenya, simu anayoishika binti wa miaka 16 usiku ni ya mama yake. Au ni ya kaka. Au ni yake kweli, lakini PIN inajulikana na nyumba nzima, na akiibadilisha ataulizwa anaficha nini. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mzazi. Akaunti ya Google iliwekwa dukani siku simu iliponunuliwa, na huenda ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye simu ya baba, hivyo anachokitafuta huyu saa tano usiku kinaweza kumtokea yule asubuhi katika orodha ya vilivyotafutwa. Hoja yangu ni moja: tusimtwike kijana mzigo wa usiri. Sisi tunaojenga huduma ndio wa kuifanya ifae simu isiyo yake peke yake, na ndio wa kuhakikisha upande wa pili wa mazungumzo kuna binadamu.

Haja ya huduma hii haina ubishi. Katika uchunguzi wa mwaka 2024 wa shirika la Trevor Project nchini Marekani, uliowahusisha vijana wa LGBTQ zaidi ya 18,000 wa miaka 13 hadi 24, asilimia 39 walisema waliwaza kwa dhati kujiua katika mwaka uliotangulia. Chanzo si kule kuwa walivyo. Mtafiti Ilan Meyer alikwisha kueleza mwaka 2003 jinsi kukataliwa, kubaguliwa, kutarajia kubaguliwa na kuishi kwa kujificha kunavyorundikana hadi mwili na akili vikachoka. Hapa kwetu huo mrundikano una mihuri ya serikali juu yake. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyotumika dhidi ya ngono ya jinsia moja, viliachwa vilivyo na Mahakama Kuu tarehe 24 Mei 2019. Lakini tuelewane vizuri hapa, maana woga umewafunga washauri wengi midomo: vifungu hivyo vinaadhibu vitendo. Havimkatazi mshauri kumsikiliza mtoto anayelia. Na tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba shirika linalotetea haki za watu hawa lisinyimwe usajili.

Ukihudumia vijana walio Uganda, hesabu inabadilika. Sheria dhidi ya ushoga iliyotiwa saini huko Mei 2023 ilimtaka kila mtu amripoti anayeshukiwa. Mahakama ya Katiba ilifuta sharti hilo Aprili 2024, lakini kosa la "kuendeleza ushoga", lenye kifungo cha hadi miaka 20, lingalipo. Basi mshauri aliyeko Kampala asipangiwe kazi kwa kanuni zilizoandikwa Nairobi.

Sasa tuingie kazini.

Programu ya kupakua ndiyo mahali pabaya zaidi pa kuanzia. Inaacha alama yake kwenye skrini, jina lake linabaki katika orodha ya programu zilizowahi kupakuliwa hata baada ya kufutwa, arifa zake zinajitokeza simu ikiwa imefungwa, na inakula nafasi katika simu ambayo tayari inalalamika imejaa. Anzeni na ukurasa wa tovuti. Uwe mwepesi, kilobaiti 200 au chini yake, usiwe na video inayojicheza yenyewe, na mjaribu kuufungua kwa simu ya bei nafuu kabisa sokoni, yenye bando dogo, mahali mtandao unaposuasua. Anwani ya tovuti, jina linaloonekana juu ya kivinjari na kialama chake kidogo visitaje ushoga, jinsia wala msaada wa aina yoyote. Hayo matatu ndiyo yanayobaki katika historia ya kivinjari, na ndiyo anayoyaona shangazi akiazima simu.

Wekeni kitufe cha kutoka haraka, kikubwa, kinachobaki kwenye skrini hata msomaji akishuka chini. Akikigusa, ufunguke ukurasa wa kawaida wa hali ya hewa au habari. Wajenzi wa programu, sikilizeni hapa, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea: ukurasa huo mpya lazima uchukue nafasi ya ule wa kwanza katika historia, usiongezwe juu yake. La sivyo mzazi akibonyeza kurudi nyuma mara moja, anatua palepale. Na mwambieni kijana ukweli kwamba kitufe hakifuti kurasa alizozipitia kabla. Mwelekezeni azifute moja moja, asifute historia yote. Simu ya familia ambayo jana ilikuwa na historia ya miezi na leo iko tupu huzua maswali kuliko ukurasa wowote.

Baada ya tovuti, wengi watataka WhatsApp, na siwalaumu, kwa kuwa bando lake ni rahisi na kila mtu anayo. Ujumbe wenyewe umesimbwa fiche njiani. Hatari ziko kwenye ncha mbili. Upande wa kijana, kuna hatua nne ambazo mshauri anapaswa kumpitisha katika dakika tano za mwanzo, kabla ya maongezi mazito. Kwanza, afungue sehemu ya vifaa vilivyounganishwa aone kama kuna kompyuta au simu asiyoijua. Kuna wazazi na wapenzi wanaosoma kila kitu kupitia hapo, na wala hawakudukua chochote. Walishika simu kwa sekunde 20 wakati mwenyewe anaoga. Pili, awashe ujumbe unaojifuta baada ya saa 24 kwa mazungumzo haya peke yake. Tatu, azime kuhifadhi picha kwenye matunzio, kwa sababu picha ya skrini ya ratiba ya kliniki huibuka katikati ya picha za harusi ya binamu. Nne, afunge mazungumzo haya kwa kufuli ya WhatsApp na kuyawekea msimbo wa siri tofauti na PIN ya simu, ili hata folda yenyewe isionekane. Nakala rudufu inayokwenda Google Drive nayo haisimbwi fiche kikamilifu mpaka mtu aiwashe hivyo kwa mkono. Kwa simu ya pamoja, ni heri mazungumzo haya yajifute kabla nakala haijachukuliwa.

Upande wetu ndiko kunakovuja zaidi, na ni kwa sababu ya jambo dogo: Truecaller, programu inayoonyesha jina la anayepiga simu. Mshauri anatoa namba ya kazi. Watu kumi wanaihifadhi kwa jina wanalolijua wao, "Ushauri LGBT" au "Counselor wa mashoga", na baadhi yao wana Truecaller iliyosoma orodha yao ya namba. Baada ya hapo namba hiyo ikimpigia kijana yeyote, jina hilo linaweza kuwaka kwenye skrini yake mezani wakati wa chakula cha jioni. Ipigieni namba yenu kwa simu yenye Truecaller kila mwezi muone inatajwaje. Mkikuta jina baya, ombeni lirekebishwe, na msipige simu yoyote mpaka libadilike. Jina la akaunti ya biashara ya WhatsApp, picha yake na salamu inayojituma yenyewe vipitiwe kwa jicho hilo hilo.

Ujumbe mfupi wa kawaida, SMS, haujasimbwa fiche kama ule wa WhatsApp na hukaa katika simu hadi ufutwe. Utumieni kwa taarifa zisizo na maana kwa mtu mwingine: "Tukutane saa mbili kama kawaida." Na kwa wale wanaolipia kila ujumbe, kumbukeni kwamba ujumbe mmoja unabeba herufi 160, lakini ukitia emoji moja tu uwezo wake unashuka hadi 70. Emoji ya moyo inaweza kuufanya ujumbe mmoja ulipiwe mara tatu. Kwa kijana mwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe, menyu ya USSD, ile ya kubonyeza nyota na namba, ina faida kubwa kwa kuwa haiachi chochote kwenye kisanduku cha ujumbe, ila kila skrini yake haizidi herufi 182 na kikao hukatika baada ya muda mfupi. Inafaa kumwelekeza mtu kwenye kituo kilicho karibu. Haifai kwa maongezi.

Kanuni moja inazitawala njia zote hizi: kijana ndiye aanzishe. Mshauri asipige, asiandike kwanza, asitume "Habari, umefikia wapi na lile jambo?" Wakikubaliana kuonana tena, wapange saa na swali la kufungulia lenye jibu ambalo mwenye simu peke yake analijua. Jibu likija tofauti, mshauri anaandika "Samahani, nimekosea namba," na anatoka. Asiulize zaidi, hata akiwa na wasiwasi. Kumbuka uliyemkuta pale anaweza kuwa ndiye anayemtisha kijana.

Fedha nazo huanika watu. Nauli ya kwenda kliniki ikitumwa kwa M-Pesa kutoka akaunti ya shirika, jina la shirika linabaki kwenye ujumbe wa uthibitisho na kwenye taarifa ya akaunti. Lipeni kliniki au mwendeshaji wa boda moja kwa moja pale inapowezekana. Pale isipowezekana, mwelezeni kijana mapema jina gani litaonekana, aamue mwenyewe.

Nizungumzie saa za kazi, maana hapa ndipo bajeti nyingi zinapopotea. Huduma inayofunguliwa saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni imepangwa kwa starehe ya ofisi. Simu humfikia kijana baada ya kazi za nyumbani, wengine wakiwa mbele ya televisheni au wamelala. Zamu ya saa mbili usiku hadi saa sita ndiyo yenye kazi. Halafu kuna kalenda. Shule zetu za bweni haziruhusu simu, kwa hiyo wanafunzi hunyamaza muhula mzima na kufika kwa wingi likizo za Aprili, Agosti na Novemba hadi Desemba, wakiwa na miezi mitatu ya mambo yaliyowajaa kifuani, wakati huo huo wakiwa wamerudi kwenye nyumba ambazo kwa baadhi yao ndizo chanzo cha maumivu. Likizo za wafanyakazi zisipangwe Desemba. Najua ni neno gumu kwa wenye familia, lakini lazima lisemwe.

Kila mshauri ashike mazungumzo mawili kwa wakati mmoja, asizidishe. Likijitokeza la hatari ya uhai, lile jingine lipokewe na mwenzake. Foleni ikiwa ndefu, mashine iseme kweli: "Mbele yako kuna watu wanne, huenda ukasubiri dakika 25." Kijana aliyeahidiwa jibu la papo hapo na akakaa gizani nusu saa hasomi ule ucheleweshaji kama tatizo la mtandao. Anausoma kama kukataliwa kwingine.

Katika maongezi yenyewe, swali la kujiua liulizwe kwa maneno yake kamili: "Je, unawaza kujiua?" Utafiti wa miaka mingi umeonyesha kuwa kuuliza hakupandi wazo. Vijana wetu mara nyingi hawalitaji. Wataandika "nataka tu kulala nisiamke", "nimechoka na hii maisha", "mtanikumbuka", au watachanganya Sheng, kicheko cha emoji na kwaheri katika sentensi moja. Mashine ya kuchuja maneno iliyofunzwa kwa Kiingereza inayapita hayo yote. Mshauri aliyezaliwa katika lugha hii anayaona. Akithibitisha hatari, anauliza uko wapi, nani yuko karibu, kuna kitu gani karibu nawe ambacho tunaweza kukiweka mbali sasa hivi, halafu wanaandika pamoja mpango wa usalama: dalili zinazotangulia, mambo anayoweza kufanya akiwa peke yake, mahali na watu wa kumtoa kwenye wazo, mtu wa kumwomba msaada, mhudumu wa afya, na namna ya kuyaweka mazingira yake salama. Kwenye simu ya pamoja mpango huo usikae kama picha. Uandikwe kama orodha ya kazi za siku, kwa maneno ambayo yeye peke yake anajua yanamaanisha nini.

Kuna nyakati lazima mtu mwingine aingizwe, hasa kijana akiwa chini ya miaka 18. Hapa nasema kwa mkazo wote nilio nao: toeni taarifa ya hatari, msitoe taarifa ya jinsia wala ya mapenzi. Kwa mzazi, sentensi inayotosha ni "Mtoto wako ana mawazo ya kujidhuru, anahitaji mtu akae naye usiku huu na afikishwe hospitali." Akiuliza sababu, mwambieni mtoto atazungumza na daktari akiwa tayari. Vijana wameokolewa usiku na kufukuzwa nyumbani asubuhi kwa sababu mshauri alieleza kupita kiasi. Jueni pia kwamba tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kuwa kifungu cha 226, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa jinai, kinakiuka Katiba. Miongozo mingi ya kazi iliyoandikwa kabla ya hapo bado inawaogofya wahudumu wasimpeleke mtu hospitali. Irekebisheni. Na kwa mtoto anayepigwa au kufungiwa ndani, namba 116 ya watoto ni ya bure. Kabla ya kumwelekeza huko, pigeni ninyi kwanza mjue atapokewaje.

Upweke nao unaua polepole, na teknolojia ina dawa yake. Trevor Project ilianzisha TrevorSpace, uwanja wa mtandaoni wa vijana wa miaka 13 hadi 24. Shirika la CenterLink lilianzisha Q Chat Space, vikao vya maandishi matupu kwa vijana wa miaka 13 hadi 19, vinavyoongozwa na wahudumu waliofunzwa. Chagueni kuiga kile cha pili. Maandishi bila picha wala sauti humruhusu kijana kushiriki akiwa sebuleni, shemeji yake ameketi pembeni. Kwa kikundi cha kwanza, watu 8 hadi 12, kikao cha dakika 60 hadi 90, wasimamizi wawili ili mmoja aweze kumtoa kando anayelemewa, na mlango wa ujumbe wa faragha kati ya washiriki uwe umefungwa. Wenye miaka 13 hadi 17 wakae chumba chao, watu wazima chao. Anayewinda watoto huja na maneno matamu kabisa ya faraja, na huuliza mapema mahali mtoto anapoishi. Kikundi cha kawaida cha WhatsApp hakifai kwa kazi hii hata kidogo, kwa kuwa kila mmoja anaiona namba ya mwenzake, na namba hiyo ikitiwa katika M-Pesa inataja jina. Signal tangu Februari 2024 inamruhusu mtu aonekane kwa jina la kubuni na kuficha namba yake. Chumba cha mazungumzo kwenye tovuti yenu wenyewe ni bora zaidi kwa sababu hakihitaji kupakua kitu.

Mafunzo ya kujisaidia mwenyewe yana nafasi yake. Nchini New Zealand watafiti wa Chuo Kikuu cha Auckland walitengeneza SPARX, mchezo wa kompyuta wenye ngazi saba unaomfundisha kijana mwenye sonona namna ya kushika fikra zake, kisha wakatoa Rainbow SPARX kwa vijana hawa na kuijaribu kwa washiriki 21. Toronto kuna AFFIRM, vikao vinane vya kikundi vinavyoendeshwa pia mtandaoni. Mkizileta mbinu hizi huku, msibadilishe maneno tu. Kijana wetu anahitaji zoezi linalohusu bibi anayeuliza ataoa lini, mwalimu mkuu aliyemwita mzazi, na maombi ya usiku kucha ya kumfukuza pepo. Pia anahitaji nafasi ya kubaki muumini akitaka. Zoezi linalomdai achague kati ya imani yake na nafsi yake litafungwa kabla ya ukurasa wa tatu.

Sasa akili unde. Nitalisema bila kuzunguka: roboti isikabidhiwe kijana aliye hatarini. Mwaka 2023 shirika la Marekani la matatizo ya ulaji, NEDA, lililazimika kuiondoa roboti yake iitwayo Tessa baada ya kuwapa watu wagonjwa ushauri wa kupunguza uzito. Trevor Project ilichagua njia ya busara zaidi: mwaka 2021 ilionyesha mfumo wa akili unde unaoigiza kijana mwenye shida, ili mshauri mpya ajizoeze nao kabla ya kukutana na kijana wa kweli. Mashine inakuwa mwanafunzi wa maigizo, binadamu anabaki kazini. Hilo tunaweza kulifanya hapa kwa Kiswahili na Sheng, tena kwa gharama ndogo. Yale mazungumzo ya kufunzia yatungwe na washauri wenyewe. Yasichukuliwe kutoka kwa vijana walioomba msaada.

Hatari nyingine imekomaa sana: mtego wa programu za kutafuta wapenzi. Anayejifanya mchumba anaomba picha, kisha anadai pesa la sivyo atamwanika. Au anapanga miadi, na chumbani wanatokea wanaume wanne. Kijana afundishwe mapema kuomba simu ya video ya dakika moja kabla ya kuonana, kuonana mchana mahali penye watu, kumwachia rafiki mahali na saa, na kuzima umbali unaoonyeshwa kwenye programu, kwa kuwa mtu akiupima umbali huo kutoka sehemu tatu anaweza kuijua nyumba. Akienda, abebe nauli taslimu na laini isiyo na akiba. Wezi wakishaipata PIN ya M-Pesa hawaishii kwenye salio. Wanakopa hata kwa Fuliza, mkopo wa papo hapo wa M-Pesa.

Akishatishwa, mpangilio wa hatua ni muhimu. Asilipe, kwa maana malipo ya kwanza ndiyo yanayomthibitishia mwizi kuwa huyu analipika. Asifute chochote kwanza. Achukue picha za skrini zenye namba, tarehe na saa, pamoja na jumbe za M-Pesa, azipeleke kwa mshauri, kisha azifute kwake. Ndipo aripoti akaunti na kuizuia. Kwa picha zenyewe, aliyetimiza miaka 18 atumie StopNCII, na picha iliyopigwa akiwa chini ya umri huo ipelekwe kwenye Take It Down. Huduma zote mbili zinatengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya simu yake, picha haitoki. Mitandao iliyojiunga nazo huizuia inapofanana na alama. Mipaka yake ielezwe: haiwezi kuona yaliyomo kwenye mazungumzo ya WhatsApp, na picha iliyokatwa au kubadilishwa inaweza kupenya. Kusambaza picha za namna hiyo ni kosa chini ya kifungu cha 37 cha sheria ya mwaka 2018 ya makosa ya mtandao, faini hadi shilingi 200,000 au kifungo hadi miaka miwili. Kwenda kituoni bila wakili hata hivyo si ushauri ninaoutoa. Mshtaki amewahi kugeuzwa mshtakiwa.

Tugeukie yale tunayoyahifadhi sisi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inautaja mwelekeo wa kimapenzi wa mtu kuwa data nyeti, sawa na afya yake. Basi swali la kwanza kwa kila kisanduku kwenye fomu ni: tusipokijua hiki, nani ataumia? Lakabu, rika na kaunti vinatosha. Shule, jina la tatu na kitambulisho vitoke. Maandishi ya mazungumzo yafutwe kwa ratiba iliyoandikwa, siku 30 kwa mfano, yabaki maelezo mafupi ya mshauri kwenye kompyuta iliyosimbwa fiche, na kompyuta hiyo isilale ofisini. Grindr, programu ya kutafuta wapenzi, ilifichuliwa mwaka 2018 ikiwapa makampuni mengine taarifa za VVU za watumiaji, na mwaka 2021 Norway iliitoza faini ya kroni milioni 65 kwa kugawa data bila ridhaa halali. Mwaka 2022 Crisis Text Line ya Marekani, huduma ya hisani iliyoaminiwa na mamilioni, ilikutwa ikiipa kampuni dada data ya mazungumzo yaliyoondolewa majina, ikaacha baada ya siku chache za lawama. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na data nyingi na hitaji la fedha. Ondoeni pia vipachiko vya matangazo na vya kuhesabu wageni kwenye tovuti, kwa kuwa hupeleka nje habari kuliko mnavyodhani.

Mkipima matokeo, idadi ya waliofungua tovuti haisemi lolote. Dodoso la PHQ-9, la kupima sonona, limekwisha kutumika kwa Kiswahili hapa Kenya. Lina maswali tisa, alama 0 hadi 27, na kuanzia 10 mtu anahitaji kuangaliwa zaidi. Ila swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Msiliweke kwenye fomu inayojazwa usiku wa manane na kusomwa Jumatatu. Kama hakuna wa kulisoma jibu dakika ile, dodoso lisifunguliwe saa hizo.

La mwisho ni kuhusu kufunga, ambalo halimo katika maombi ya ufadhili ninayoyaona. Marekani ilikuwa na njia maalumu ya vijana wa LGBTQ ndani ya 988, namba ya kitaifa ya kuzuia kujiua, njia iliyoanza mwaka 2022. Serikali iliikata tarehe 17 Julai 2025. Hapa kwetu, kusitishwa kwa misaada ya Marekani Januari mwaka huo huo kulifunga vituo vya huduma za VVU ambavyo vijana wengi walikuwa wamezoea kuelekezwa. Orodha za rufaa zilizo mtandaoni zilibaki vile vile, zikiwatuma watu kwenye milango yenye kufuli. Mteueni mtu mmoja wa kupigia kila kituo kilichoorodheshwa, kila mwezi, na tarehe ya uhakiki ionekane kando ya jina la kituo.

Na kabla hamjapokea senti ya kwanza, andikeni nini kitatokea fedha zikikata: nani atawaaga vijana walio katikati ya mazungumzo, watakabidhiwa kwa nani kwa ridhaa yao, nani atafuta data na nani atashuhudia ikifutwa. Halafu kuna namba ya simu. Laini isipotumika kwa muda, kampuni huigawa kwa mteja mwingine. Kijana aliyeikariri namba yenu miaka miwili iliyopita ataandika usiku mmoja yale asiyowahi kumwambia mtu, na yatasomwa na mgeni asiyemjua. Tengeni pesa za kuiweka laini hiyo hai kwa miaka kadhaa baada ya kufunga, ikiwa na jibu moja linalojituma, lisilotaja lolote, lenye namba nyingine inayopokelewa. Gharama yake kwa mwezi haifiki bei ya chai ya kikao hiki.

Asanteni. Nitapokea maswali, na wale wa programu nawaomba mbaki tuifungue ile tovuti pamoja.